Mgonjwa wa Meza ya Jikoni

Nilisikia maisha yangu yakisomwa na watu nisiowajua, mimi niko nje ya dirisha lao juu ya jukwaa la mabomba, nyundo mkononi, misumari mdomoni.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Jumamosi huwa sifanyi kazi, lakini mwenye nyumba alinipigia kwamba upepo umeng'oa mawe bapa ya paa na maji yanaingia darini, nikaenda. Dirisha la orofa ya juu lilikuwa wazi. Ndani walikaa wanaume wawili wa miaka thelathini na kitu, wageni, mmoja kavaa koti jeupe la udaktari juu ya suruali ya kulalia. Nikajua mara moja ni kina nani. Mji wetu wa Saalfeld una madaktari wengi waliotoka mbali, wanasubiri mtihani wa Kijerumani cha hospitali. Mmoja anakuwa daktari, mwenzake anakuwa mgonjwa, kisha wanabadilishana. Mchezo huo naujua kuliko wao. Kwa miezi mitano nilikuwa mgonjwa wa Nestan, kwenye meza yangu ya jikoni, kila jioni nikitoka kazini.

"Unafanya kazi gani, Bwana Wolter?" aliuliza yule wa koti.

"Naezeka mapaa ya mawe, tangu nina miaka kumi na tano. Shule niliiacha, na yenyewe haikunililia."

Nilitabasamu, msumari ukanichoma ulimi. Maneno hayo huwa nayasema mimi. Nikadhani labda kila mwezekaji anasema hivyo.

"Na bega lilianza kuuma lini?"

"Mwezi wa tatu. Bega hili limebeba mawe ya kutosha kujenga kanisa, daktari, usilishangae."

Hapo tabasamu likakatika.

"Una watoto?"

"Ngoja, ngoja," alisema yule mgonjwa wa uongo, akitazama simu yake. "Nestan ameandika hapa: ukimuuliza habari za binti mapema anafunga mdomo. Muulize mwishoni, kwa upole, baada ya pombe na sigara."

"Haya. Tuseme tumeshafika mwishoni. Bwana Wolter, ulisema una binti. Mnaonana?"

"Miaka sita hatujasemezana. Nimeendesha gari mara tatu mpaka Rostock, karibu kilomita mia tano. Nikaegesha ng'ambo ya mlango wake. Mlango wa kijani. Nikakaa, halafu nikarudi."

"Hukubisha hodi?"

"Sikubisha."

"Kwa nini?"

"Hilo hasemi. Imeandikwa, sababu hakuitaja."

Wakacheka. Yule wa simu akanyoosha miguu chini ya meza. "Hili la hodi atakuwa kalitunga. Kilomita mia tano, halafu urudi? Hakuna mtu wa namna hiyo."

Nikatema misumari, nikaingiza kichwa dirishani.

"Nani kawapa hiyo?"

Waliruka wote wawili kama paka waliomwagiwa maji.

"Samahani, bwana, tunapiga kelele?"

"Nimeuliza nani kawapa."

"Ni... ni kundi letu la simu. Watu wanatumiana kesi za mazoezi. Hii katuma Daktari Nestan, yule Mgeorgia. Ni kesi nzuri, ngumu kidogo, mgonjwa mbishi."

"Kundi lina watu wangapi?"

"Mia sita na kitu."

Yule wa koti alisogea dirishani. Alinitazama nyundo, akanitazama bega langu la kulia nililokuwa nimeliegemeza ukutani kwa sababu lilikuwa linaniuma, kisha macho yakamtoka. Akaanza kufungua vifungo vya koti lake, polepole, akalivua na kulificha mapajani.

"Bwana," alisema, "sisi hatukujua."

Niliteremka. Mawe manne ya paa yalibaki bila kupigiliwa, na katika miaka thelathini na minne ya kazi hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

*

Mama yangu anakaa chini, mimi juu. Mlango wake haufungwi kamwe, ili asipitwe na mtu. Alikuwa anamenya viazi vya supu.

"Mbona mapema? Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Uso wako umeanguka. Ni yule daktari?"

Mama hakumpenda Nestan tangu siku ya kwanza, na hakuwahi kujisumbua kulificha hilo. Sio kwa sababu ni mgeni. Mama mwenyewe alikuja mji huu mgongoni mwa mama yake, wamefukuzwa kwao baada ya vita. Ni kwa sababu ya vitabu.

"Heiko mwanangu, mimi nasema lile lile," alisema, kisu kikizunguka kiazi. "Mwanamke aliyesoma miaka yote hiyo hakai na mtu wa darasa la nane bila sababu. Sababu ni mtihani. Akifaulu Jumatatu, Jumanne utaona mgongo wake."

"Mama, leo niache."

"Yuko juu huko. Kaja na yule kuku wake."

Kuku ni saa ya plastiki yenye umbo la kuku, ya kupimia dakika za kuchemsha mayai. Mtihani wao una vipande vitatu, kila kimoja dakika ishirini. Cha kwanza ni kuzungumza na mgonjwa, ambaye si mgonjwa bali mtahini anayejifanya mgonjwa. Nestan alikuwa ameanguka mara mbili. Mara ya pili aliangushwa na swali moja dogo. Mwishoni kabisa yule mgonjwa alimwuliza: daktari, ni kitu kibaya? Nestan, kwa huruma, akamjibu: hapana kabisa, usijali. Ikawa kosa. Daktari haruhusiwi kuahidi asichokijua, na haruhusiwi kumtisha mtu. Lazima apite katikati. Tangu hapo kazi yangu kila jioni ilikuwa kulimalizia zoezi na swali hilo.

Jumatatu saa tatu asubuhi, katika mji wa Jena, ingekuwa mara yake ya tatu. Akianguka tena, hospitali iliyomwekea nafasi ingempa mwingine, na kibali chake cha kukaa kilikuwa kinaisha mwezi wa kumi na moja. Huko kwao Kutaisi, Georgia, alitibu mioyo ya watu miaka kumi na minne. Hapa alikuwa anabadilisha mashuka kwenye nyumba ya wazee. Ndiko tulikokutana, mimi naziba paa lao, nimejiponda kidole. Alikishika kidole kile akasema, "Hapa mimi si daktari, bwana fundi, lakini hiki kimevunjika," na mimi nikamtazama nywele zake zenye mvi moja mbele, nikasahau kupiga kelele.

Nilipanda ngazi mbili mbili.

*

Alikuwa kavaa koti lake jeupe, penseli sikioni, karatasi zimepangwa, kuku katikati ya meza. Aliponiona akang'aa uso mzima. Siku nyingine yoyote, mng'ao ule ungenivua viatu.

"Umewahi! Vizuri. Keti, Bwana Zapf, leo tufanye tumbo. Halafu kifua. Halafu nikupikie."

Kwenye zoezi aliniita Bwana Zapf, kwa jina la ukoo. Nje ya zoezi, Heiko. Sikuketi.

"Bwana Wolter anakusalimia," nilisema.

Ule mng'ao ukazimika. Akaitoa penseli sikioni, akaiweka mezani taratibu.

"Umemsikia wapi?"

Hakuuliza Wolter ni nani. Kama kulikuwa na tone la tumaini ndani yangu, lilikauka hapo.

"Dirishani. Wanaume wawili wamekaa wananiigiza. Mmoja anaumwa bega langu, mwingine ananiuliza habari za binti yangu Jette. Wakafika Rostock, mara tatu bila kubisha hodi, wakacheka. Wanasema umenitunga. Hakuna mtu wa namna hiyo, wanasema."

"Heiko..."

"Watu mia sita!"

"Nilibadilisha jina."

"Jina!" Nikapiga meza, kuku akaruka. "Ulibadilisha jina! Bega umeliacha, kazi umeiacha, kanisa la mawe umeliacha, mpaka rangi ya mlango umeiacha! Mji huu una waezekaji wa mawe watatu, Nestan. Mmoja ana miaka sabini na mwingine ni mwanamke. Unadhani wanapiga kura kujua Wolter ni nani?"

"Sikufikiri kama..."

"Na ukaweka na maelekezo! Muulize kwa upole, baada ya sigara. Kama mtu anayeuza mashine. Bonyeza hapa, itafunguka."

Alikuwa amesimama sasa, mikono ndani ya mifuko ya koti. Alipoogopa alikuwa anaificha mikono.

"Nisikilize. Kundi lile lina sheria. Ukichukua kesi, lazima utoe. Mimi nimechukua kesi arobaini. Wakaniandikia, Nestan, unachukua tu, utatoa lini? Wakataka kunitoa. Bila kesi zile siwezi kufaulu. Na sikuwa na kesi yoyote ya kuwapa. Nilikuwa na..."

Akaitazama penseli.

"Malizia. Ulikuwa na mimi."

"Ndiyo."

Nilicheka, na kicheko chenyewe kilinitisha. Nikachukua karatasi ya juu kwenye rundo lake. Kusoma si kazi yangu, lakini karatasi ile niliijua kwa moyo.

"Mstari wa pili. Soma."

"Heiko, tafadhali."

"Soma! Umeusoma kila jioni. Leo umekushinda?"

Akausoma, sauti ndogo. "Kila utakaloniambia litabaki kati yetu."

"Kila jioni. Kwa kinywa hicho hicho. Mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, nikakuamini kwa sababu limeandikwa kwenye karatasi. Mjinga wa darasa la nane."

"Usijiite hivyo."

"Nijiiteje? Daftari lako la mazoezi? Mama kaniambia tangu mwanzo. Akifaulu, utaona mgongo wake. Mimi nikagombana na mama yangu kwa ajili yako!"

Hapo ndipo kitu kilibadilika usoni mwake. Mpaka wakati ule alikuwa mkosaji. Sasa macho yakawa membamba, na mikono ikatoka mifukoni.

"Mama yako," alisema. "Sawa. Umenipiga kwa maneno, nimestahili. Nilichokifanya hakina utetezi, sitautafuta. Lakini sasa na mimi nitakuuliza, na uniangalie machoni, usiangalie dirisha."

Nilikuwa naangalia dirisha.

"Mwezi wa tano nilifungua ile droo nikitafuta kisu cha makopo. Nikaona picha ya msichana. Nikakuuliza, Heiko, huyu nani? Ukasema nini?"

"Sikumbuki."

"Ulisema, 'Mtu.' Mtu! Ukachukua picha ukaitia mfukoni. Nikakuuliza siku nyingine, Heiko, mbona kimya, una nini? 'Hakuna.' Nikakuuliza una mtoto? 'Kula, chakula kinapoa.' Halafu nikavaa koti hili." Alilishika kifuani, akalivuta kama anataka kulichana. "Nikawasha kuku huyu. Nikakuuliza maneno yale yale. Na wewe ukafunguka kama bomba! Rostock, kilomita, rangi ya mlango, radio ya gari ilikuwa inasema nini. Mimi naandika, machozi yanataka kunitoka, lakini daktari halii, kwa hiyo nakuuliza una mzio wa dawa gani!"

"Ulikuwa mchezo."

"Haukuwa mchezo! Wewe ndiye unajua haukuwa mchezo. Unajua jinsi inavyouma? Bwana Zapf namjua. Najua baba yake alikufa kwa nini, najua anaogopa nini. Heiko simjui. Nakula na Heiko, nalala na Heiko, Heiko ananiambia chakula kinapoa!"

"Kwa hiyo ukawapa wenzako."

"Niliandika kwa ajili yangu!" Sauti yake ilipasuka. "Jioni ile nilipotoka hapa, niliketi kwenye basi nikaandika kila neno, kwa sababu nilijua kesho utakana. Na ulikana! Nilikuuliza kesho yake, tukienda dukani, Rostock ni mbali sana? Ukasema hujui, hujawahi kufika. Hujawahi kufika, Heiko! Nikarudi nyumbani nikaisoma ile karatasi kuhakikisha kwamba sijaota. Wiki tatu nimeibeba. Halafu kundi wakanibana, nami nikafanya uchafu, nikaituma. Kuandika sijutii. Kutuma, nitajuta mpaka nife."

Nikashika neno lililokuwa karibu.

"Baba yako atafurahi. Mwambie yamekwisha."

"Baba yangu!" Akacheka kwa hasira, akijifuta pua na mkono wa koti. "Kila Jumapili akinipigia simu anauliza, huyo mtu wa mapaa ana nini ndani? Sisi ukoo wa madaktari, huyo ana nini? Nimekosa cha kumjibu. Namwambia ana mabega."

Wakati mwingine wowote ningecheka. Alianza kukusanya karatasi. Alivua koti, akalikunja vibaya, akalisukuma kwenye mkoba.

"Jumatatu nitapanda treni," alisema. "Ulipoahidi kunipeleka Jena kwa gari, hukujua hili."

"Panda."

"Nitapanda."

"Panda basi."

Alifungua mlango. Na pale kwenye ngazi, mkono mmoja kwenye ukuta, kisu cha viazi kwenye mkono mwingine, alikuwa amesimama mama yangu. Ana miaka themanini na moja na ngazi hizo huzipanda mara mbili kwa mwaka.

Nestan akarudi nyuma hatua moja. Nilijua mama atasema nini. Nilikuwa ninamwona anavyovuta pumzi.

"Umefika Rostock?" aliniuliza mimi.

"Mama, shuka chini."

"Mara tatu?"

"Mama."

"Mara tatu, na hukuniambia." Ganda la kiazi lilikuwa limening'inia kwenye kisu. "Kila Krismasi naweka sahani ya Jette. Unaitazama ile sahani, unaiondoa, huoni haya. Nikajiambia, mwanangu ana jiwe kifuani, hata hamtafuti mtoto wake. Nimekuchukia, Heiko. Mwanangu mwenyewe. Kumbe ulikwenda."

"Sikubisha."

"Najua hukubisha! Nimesikia! Mji mzima umesikia mnavyobweka!" Akamgeukia Nestan, nami nikajiandaa kuingia kati yao. "Na wewe. Mlango una rangi gani?"

Nestan alinitazama kwanza. "Kijani," alisema.

"Kijani," mama alirudia, kama mtu anayekariri namba. "Watu mia sita wanajua mlango wa mjukuu wangu. Mimi bibi yake sijui." Akashika mbao ya ngazi, akaanza kushuka, hatua moja moja. Katikati akasimama bila kugeuka. "Supu ni ya watu watatu. Siwezi kuimwaga."

*

Tulisimama, Nestan mlangoni na mkoba wake, mimi pembeni ya meza. Hasira ilikuwa bado imejaa kifuani mwangu, siwezi kudanganya nikasema iliondoka. Ila ilikuwa imepoteza pa kwenda. Nilimfokea mwanamke kwa kuwaambia watu mia sita, na mama yangu anaishi chini ya miguu yangu miaka yote hii, na hakuna aliyemwambia. Aliyepaswa kumwambia alikuwa mtu mmoja tu.

"Nipe koti," nilisema.

"Unataka kulichoma?"

"Nipe."

Alilitoa. Nilijaribu kulivaa, mkono wa kulia ukakwama, nikausukuma, mshono ukalia. Mabegani lilinibana kama ngozi ya mtu mwingine. Nikaketi kwenye kiti chake, mwanga uko nyuma yangu, nikavuta karatasi mbele, nikamzungusha kuku mpaka dakika ishirini. Akaanza kupiga tik-tak.

"Keti," nilisema, nikimwita kwa jina la ukoo wake. "Bibi Lomidze."

Alikaa ukingoni mwa kiti changu, mkoba bado begani.

"Kila utakaloniambia litabaki kati yetu," nilisema. "Na ukiona mtu anaandika, mnyang'anye kalamu."

Midomo yake ilicheza, haikufika kucheka.

"Unaumwa wapi?"

"Hapa." Hakuonyesha popote.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoingia na kusema Wolter anakusalimia. Hapana." Alitikisa kichwa. "Tangu nilipobonyeza kutuma. Tarehe kumi na tisa."

"Kipimo cha moja hadi kumi?"

"Tisa."

"Wagonjwa wote wanasema tisa."

"Nane, basi. Tisa ukinitazama hivyo."

Nikageuza uso. Nikaendelea chini ya karatasi. Dawa, hakuna. Mzio, kuku wa mayai asiyenyamaza. Pombe, divai ya baba yake Jumapili. Usingizi, mbaya. Nilikuwa nauliza kwa sauti kavu, naye ananijibu kwa sauti kavu, na kila jibu lilikuwa la kweli, na mimi nilianza kuelewa kwa nini niliweza kumwambia yale yote. Karatasi haikushangai wala haikuonei huruma. Inauliza tu, inasubiri.

"Unaishi na nani?"

Aliuweka mkoba sakafuni.

"Nina chumba changu kule kwenye nyumba ya wazee," alisema. "Mswaki wangu uko hapa. Sijui hiyo inaitwaje."

"Nitaandika hivyo hivyo."

"Usiandike."

"Siandiki."

Tukafika mwisho. Nilijua kinachofuata, naye alijua. Kwenye mtihani hapo ndipo mgonjwa huuliza. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na macho yake, ambayo tangu aingie maishani mwangu niliyaona yakitazama vidonda vya watu bila kupepesa, yakajaa.

"Daktari," aliuliza, "ni kitu kibaya? Kimekwisha?"

Ningeweza kusema hapana, usijali. Nilitaka kusema hivyo, kwa sababu mkono wake ulikuwa sentimita kumi kutoka kwangu. Ningeweza pia kusema ndiyo. Hilo nalo nilitaka, kwa sababu ya kile kicheko cha dirishani, ambacho nadhani nitakisikia siku nyingi.

"Bado sijui," nilisema. "Ni jambo zito, sitakudanganya. Leo siwezi kukwambia litaishaje. Lakini nitakuangalia kila siku, na sitakuacha peke yako na hili. Jumatatu saa moja kamili gari litakuwa mlangoni."

Alifunga macho, machozi yakapita hata hivyo. "Hilo ndilo jibu," alisema. "Hivyo hivyo ndivyo linavyojibiwa. Miezi mitano, halikunitoka hata mara moja hivyo."

"Bado nina hasira."

"Najua."

"Nyingi."

"Najua, Heiko. Ila umesahau kitu. Mwishoni daktari lazima amuulize mgonjwa kama ana swali lingine. Wanakata alama."

Nikakohoa. "Una swali lingine?"

"Ninalo moja. Sio kwa Bwana Zapf. Sio kwa karatasi." Alinyoosha mkono, akaigeuza karatasi ikatazama chini. "Kwa nini hukubisha?"

Kuku akalia. Alilia mezani kati yetu kama mwenda wazimu, na hakuna aliyemshika, mpaka akachoka mwenyewe. Chini, mama aligonga dari kwa ufagio mara mbili, maana yake supu. Nikafungua koti, kifungo cha kwanza, cha pili, mkono wa kulia ukakwama tena. Nestan akainuka akanisaidia kulitoa, akabaki amesimama nyuma ya bega langu linalouma, asiuone uso wangu.

"Niliogopa atafungua," nilisema.